Yasemekana: Deni la Mtunzi kwa Mtu wa Kweli

Msafiri aingiaye Mikindani kwa barabara itokayo Lindi huiona ghuba kabla hajauona mji, maji yaliyotulia kama maji ya bakuli, yamezungukwa na minazi na mikoko, na ngalawa zimelala ubavu juu ya tope wakati wa maji kupwa. Na akisha kupita kwenye magofu ya nyumba za mawe, boma jeupe la Wadachi lililojengwa mwaka 1895 likimtazama kutoka mlimani, atafika mbele ya nyumba moja ya kale yenye mlango wa nakshi na kibao ukutani. Kibao hicho chaeleza kwamba yasemekana Daktari David Livingstone alikaa mahali hapo mwaka 1866, kabla ya kuishika safari yake ya mwisho ya bara. Nimesimama mbele yake mara nyingi, na kila mara jicho langu huvutwa na neno lile moja, yasemekana, ambalo aliyeliandika angeweza kuliacha na asidaiwe na mtu, naye akaona hata hivyo kwamba uaminifu wataka liwepo.

Livingstone mwenyewe hakosi mashahidi. Shajara zake zaeleza jinsi alivyokwenda kwanza kwenye mlango wa mto Ruvuma, akaona mikoko haimpi nafasi ya kuwashusha wanyama wake, akageuza njia mpaka ghuba ya Mikindani, akashusha hapa ngamia, nyati wa Kihindi, nyumbu na punda, pamoja na watu waliofuatana naye: askari kutoka Bombay, vijana waliosomeshwa Nassick, wanaume wa Nzuwani, na wachache wengine, miongoni mwao Susi, mtu wa Shupanga, na Chuma, kijana wa Kiyao aliyeokolewa katika utumwa. Hawa wawili ndio, pamoja na wenzao, walioubeba mwili wa bwana wao miaka saba baadaye, kutoka nchi ambayo leo ni Zambia mpaka Bagamoyo, ukavuka bahari kwenda kuzikwa London mwezi Aprili 1874. Walakini Hollywood ilipotengeneza senema juu ya habari hizo mwaka 1939, Spencer Tracy akicheza nafasi ya Stanley, aliyekwenda kumtafuta Livingstone, hadithi ilikuwa ya Wazungu wawili. Ikabidi ipite miaka themanini mingine ndipo mwandishi wa Zimbabwe, Petina Gappah, atoe riwaya mwaka 2019 ambamo wasimulizi wa msafara ule wa maiti ni Halima, mpishi ambaye shajara zilimtaja kwa uchache tu, na Jacob Wainwright, mmoja wa vijana wa Nassick. Yule mama ambaye kumbukumbu zilimjua kwa sufuria zake akapewa ulimi, hasira, kiburi na huzuni.

Basi hapa ndipo lizaliwapo swali ninalotaka kuliweka mbele ya msomaji leo, nalo si swali la vitabu vya kale tu: mtu aliyeishi kweli anapotolewa katika kumbukumbu na kutiwa katika hadithi, ni nini hasa achukuliwacho, na ni nini apaswacho kupewa badala yake?

Swali hili limekuwa zito zaidi katika zama zetu kwa sababu kumbukumbu zenyewe zimebadilika. Zamani mtunzi alikuta maandishi makavu au simulizi za wazee, akalazimika kuziumba sura mwenyewe. Leo hukuta filamu ya makala, ambamo mtu yupo mzima, sauti yake, kikohozi chake, namna anavyoukaza ushungi wake kabla ya kujibu. Nchini kwetu mfano ulio bora kwangu ni filamu aliyoitoa Flora M'mbugu-Schelling mwaka 1992, iitwayo kwa Kiingereza *These Hands*, maana yake Mikono Hii, iwaonyeshayo wanawake wakimbizi wa Msumbiji wakiponda mawe kuwa kokoto huko Kunduchi, kando ya Dar es Salaam. Kwa kitambo kirefu haina msimulizi wa kututafsiria tunachokiona: twaona nyundo ikipanda na kushuka, twaona mtoto kandokando ya chungu ya mawe, twasikia wimbo, na taratibu twafahamu, bila ya kuambiwa, bei ya debe la kokoto katika mwili wa binadamu.

Sasa tuchukulie kwamba mtunzi mmoja, kwa nia njema kabisa, ataka kumtoa mama mmoja miongoni mwa wale na kumfanya mhusika wa tamthilia. Kamera ilimpa mikono. Tamthilia yadai moyo. Itambidi ambunie mama yule maneno ya usiku, wakati ambapo hakuna kamera. Ampe mtu wa kumpenda na mtu wa kumchukia, kwani tamthilia haitembei bila ya mgongano. Awaunganishe wanawake watatu wawe mmoja, maana jukwaa halibebi umati. Aikunje miaka kumi iwe jioni moja. Na mwisho ampe mwisho, ilhali mama mwenyewe, siku ile kamera ilipofungashwa, hakuwa na mwisho wowote, alikuwa na kesho tu. Hakuna hata moja katika haya lililo hila. Ndiyo kazi yenyewe ya sanaa, na asiyeyafanya hatakuwa ametunga tamthilia, atakuwa ameirudia filamu kwa sauti za watu wengine. Walakini kila moja laongeza juu ya mtu aliye hai jambo ambalo hakulitenda wala hakulisema, na watakaolitazama watarudi majumbani wakiamini kwamba wamemjua.

Mintarafu ya jambo hili hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mwalimu, kwani Mola amemjaalia mmoja hapa hapa kusini. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Lindi, alikuwa kijana katika Chuo Kikuu, Dar es Salaam, wakati ambapo wanahistoria na wanafunzi wa chuo hicho walikuwa wakizunguka vijijini kuyaandika masimulizi ya wazee juu ya Vita vya Maji Maji. Gilbert Gwassa alikwenda kwa Wamatumbi, na John Iliffe akashirikiana naye kuzihariri kumbukumbu zile. Masimulizi yale yalikuwa ndiyo filamu ya makala ya wakati huo: sauti za watu walioona, au waliosimuliwa na walioona, zikahifadhiwa kwa uangalifu. Ndani yake mlikuwa na mtu wa kweli, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyepandwa na pepo Hongo, akazama majini, akatoka siku ya pili nguo zake zikiwa kavu, akawapa watu maji ya kuwakinga na risasi. Mtu huyo Wadachi walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanzishwa kwa kung'oa pamba kule Matumbini, kabla moto wa vita haujaenea Liwale, Masasi, Mahenge na Ungoni.

Mwaka 1969 Hussein alitoa tamthilia yake *Kinjeketile*, na ndani yake akafanya jambo ambalo mwanahistoria haruhusiwi kulifanya: alimwacha mtu wake aishi. Kinjeketile wa jukwaani hafi mwanzoni mwa vita. Huishi akaona neno alilolitoa likimponyoka, likakua kuliko yeye, likabebwa na watu waliotaka kupigana kabla ya wakati wake. Huishi akaingiwa na shaka iliyo chungu, kwamba huenda sauti iliyomwagiza iliwataka watu wake watoke chini ya bwana mmoja waingie chini ya mwingine, Sultani wa Unguja. Huishi akaona kushindwa. Na hatimaye, akiwa mikononi mwa adui atakaye aungame kwamba maji yalikuwa uongo, akakataa, kwa kuwafikiria watoto ambao bado hawajazaliwa. Shaka ile haimo katika kumbukumbu. Kukataa kule, kwa sura ile, hakumo. Hussein aliviumba, kwa kuwa taifa lililokuwa na umri wa miaka minane lilikuwa na haja ya kujiuliza swali ambalo Kinjikitile wa kweli, kamba ilivyomwahi, hakupata nafasi ya kuliuliza.

Na tazameni alivyolifanya kwa adabu. Katika utangulizi wake alimwambia msomaji waziwazi kwamba huyu si yule, kwamba mtu wa tamthilia ni kiumbe cha ubunifu ingawa ametokana na historia. Na hata tahajia ya jina ikatofautiana na ile ya wanahistoria, ile herufi *i* ikawa *e*, tofauti ndogo kama ufa wa mlango upitishao mwanga. Mwenye kumtafuta Kinjikitile aende kwa Gwassa. Mwenye kutaka kujua ni uzito gani humwelemea mtu ambaye neno lake limeaminiwa kuliko yeye mwenyewe, na aingie ukumbini. Takriban miaka sitini imepita, na mimi naona kwamba yule wa kubuniwa hakumla yule wa kweli, bali alimrudisha midomoni mwa wanafunzi wa nchi nzima, ambao pengine wasingalimjua kabisa.

Kabla ya Hussein, kabla ya chuo na kabla ya senema, jirani zetu Wamakonde, na hasa wa ng'ambo ya Ruvuma, walikwisha kulitafakari jambo hili kwa mti na patasi. Lipiko, ambalo wingi wake ni mapiko, ni barakoa ya mti mwepesi ivaliwayo kichwani kama kofia, ikapachikwa nywele za binadamu na kutiwa chale kwa nta, nayo huchezwa vijana watokapo jandoni. Sura zake si za mazimwi peke yake. Mna bibi mwenye ndonya katika mdomo wa juu, mna mzee, mna mgeni mwenye ndevu, mna mkoloni na kofia yake; mchongaji amewatazama watu wapitao njiani mwake, akachagua lile pua au lile tabasamu lisemalo zaidi, akalikuza, na mchezaji akalipa mwendo. Watazamaji hucheka kwa kuwa wamemtambua.

Nami nimeona katika mapiko jambo moja ambalo senema imeligeuza juu chini. Katika ngoma ile jina lifichwalo ni la mchezaji: yeye amefunikwa nguo hata vidole, na kumtaja ni kuvunja mwiko. Aliye wazi, aliyesimama mbele ya halaiki na kuangaliwa, ni yule aliyeigizwa. Katika senema zetu za leo mchezaji ndiye jina lake huandikwa kwa herufi kubwa, ndiye hupigwa picha na kutunukiwa, na yule ambaye maisha yake yameazimwa hubaki nyuma ya pazia, pengine hata hajui kwamba ameigizwa. Simaanishi kwamba waigizaji wetu wavae mabarakoa. Nasema kwamba wahenga wetu waliona hatari iliyopo, kwamba mwenye kuvaa sura ya mwenzake huenda akaichukua ikawa yake, wakaiwekea mwiko.

Hatari hiyo yaonekana wazi kwa jirani zetu wa Uganda. Mwaka 1974 Barbet Schroeder alitoa filamu ya makala juu ya Idi Amin, Amin mwenyewe akishiriki kwa furaha na kujionyesha. Naye alipoona kwamba baadhi ya sehemu zamfedhehesha, aliwazuia Wafaransa waliokuwamo nchini mwake mpaka sehemu hizo zikakatwa. Miaka mingi baadaye, mwaka 2006, ilitoka senema *The Last King of Scotland*, ikitokana na riwaya ya Giles Foden, ambamo Forest Whitaker alimcheza Amin kwa ustadi uliompatia tuzo ya Oscar. Ndani ya senema hiyo amewekwa daktari kijana wa Kiskoti ambaye hakuwahi kuishi duniani, na daktari huyo akapewa mapenzi ya siri na Kay, mke wa Amin, mwanamke wa kweli aliyefariki kifo cha kuhuzunisha mwaka huo huo wa 1974. Na kifo chake kikafanywa kuwa ni tunda la mapenzi hayo yaliyobuniwa.

Yapimeni mambo haya mawili pamoja. Dikteta aliyekuwa na bunduki aliweza kuipigania taswira yake hata kwa kuwashika watu rehani. Marehemu Kay hakuwa na hata mtu mmoja wa kusimama mbele ya mtunzi na kusema, hili hakulitenda. Walio mamilioni duniani wamjuao Kay leo humjua kwa dhambi aliyotungiwa. Hapo nilipata kuifahamu kanuni ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo shina la suala zima: deni la mtunzi huzidi kadiri mtu aliyemchukua alivyo mnyonge. Mtawala, tajiri, mtu aliyetaka mwenyewe kuangaliwa na umma, huyo na achunguzwe, akejeliwe na kubuniwa, maana ana njia elfu za kujijibia, na sanaa inayomwomba radhi mfalme haifai kitu. Lakini mponda kokoto, mpishi wa msafara, mjane, mtoto, marehemu asiye na wasii, hawa wamo mikononi mwa mtunzi kama amana, na amana hairudishwi pungufu.

Wala si kweli kwamba adabu hii huua sanaa. Mira Nair, alipokusudia kumtengenezea senema Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe, Kampala, aliyeinuka kwa mchezo wa sataranji, hakuanza kwa kubuni. Naye ni mkazi wa Kampala. Alitoa kwanza filamu fupi ya makala juu ya Robert Katende, mwalimu wa mchezo huo kwa watoto wa Katwe, na ndipo mwaka 2016 ikaja *Queen of Katwe*, Madina Nalwanga akiwa Phiona na Lupita Nyong'o akiwa mama yake. Mwishoni mwa senema hiyo waigizaji hutokea mmoja mmoja, na kando ya kila mmoja akaja kusimama yule wa kweli aliyeigizwa. Mtu hukaa akautazama ubavu kwa ubavu ule, na machozi yakamjia asijue sababu. Sababu, nadhani, ni kwamba azima imerudishwa kwa mwenyewe mbele ya mashahidi.

Kwa nini basi niyaandike haya mimi niliye Mikindani, ambako hakuna jumba la senema la kujivunia? Kwa sababu zamu yetu yaja. Mto Ruvuma, ambao huimwagia bahari tope lake huko chini ya Msimbati, chemchemi yake iko katika milima ya Matogoro, kando ya Songea. Na Songea ndiko Nduna Songea Mbano, mmoja wa viongozi wa vita vile vya Maji Maji, aliponyongwa na Wadachi mwaka 1906 pamoja na makumi ya wenzake, kichwa chake, kama wazao wake wasadikivyo, kikachukuliwa Ulaya. Mwaka 2024 ilitoka filamu ya makala ya Cece Mlay na Agnes Lisa Wegner, iitwayo *The Empty Grave*, yaani Kaburi Tupu, iwafuatayo wazao wa Mbano katika kumtafuta babu yao, sambamba na ukoo mwingine wa Meru wenye msiba kama huo. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akakutana na wazao hao na kuomba msamaha. Haya yote yana kila kitu ambacho tamthilia hukitamani: dhuluma, safari, fuvu lililopotea, mjukuu anayebisha hodi kwenye milango ya makumbusho ya ugenini. Sina shaka kwamba siku moja, na iwe karibu, mtunzi atakaa chini ayatie katika tamthilia au senema ya kubuni. Nami namwombea kheri.

Namwomba tu akumbuke kwamba watu wale hawakuwa wakiigiza. Msiba wao haujamalizika, na mtu aliye matangani hatungiwi kilio na mpita njia. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi na kazi aliyoitunga. Maisha ya mtu, maadamu hayakuandikwa naye kuwa kitabu au wimbo, si kazi ya sanaa mbele ya sheria hiyo, na kwa hiyo mengi yataachiwa dhamiri. Basi dhamiri na ianze kwa kubisha hodi: mwenye maisha aombwe idhini akiwa ameelezwa, kwa lugha yake, ni nini kitakachoongezwa juu yake. Pale ambapo siri ya moyo au aibu itabuniwa, jina na libadilishwe, kama mlango ule wa Hussein wenye ufa. Kazi ikikamilika, watazamaji wake wa kwanza wawe ni wenyewe, uani kwao, juu ya mikeka yao, kabla haijapelekwa kwa waheshimiwa wa mjini; na ikizaa fedha, fungu lao lijulikane. Na pale ambapo mwenye maisha amekataa, mtunzi na aende zake kwa amani, akambuni mtu mwingine kabisa, kwani uwanja wa ubunifu ni mpana kuliko ua wa mtu mmoja.

Nami ninayo hamu yangu. Laiti ningejaaliwa kuona, kabla ya macho kufifia, tamthilia ya Susi na Chuma iliyotungwa na kijana wa ghuba hii, iliyoanzia pwani yetu siku za mwisho wa kaskazi, ngamia wakivutwa matopeni huku wakigoma na watoto wa Mikindani wakikimbia kwa hofu na kicheko. Shajara haikuyaandika maneno waliyosemezana vijana wale wawili usiku wa kuamkia safari. Mtunzi itambidi ayabuni, na ana haki hiyo. Afanye kama alivyofanya yule mtu asiyejulikana jina aliyekiandika kibao chetu, ambaye kwa neno moja hakumnyang'anya Livingstone heshima yake wala hakumdanganya mpita njia. Taa za jukwaa zikisha kuzimwa, na kabla mtu hajasema lolote, isikike sauti moja gizani ikianza: yasemekana.